Kicheko Kilichoishia Kwenye Malori

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Mke wangu, Mama Ipyana, alikunja nguo zake, akazifunga ndani ya kitenge na kusema anakwenda kukaa kwa kaka yake Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia. Kosa langu lilikuwa kucheka.

Nilikuwa nimestaafu uinjilisti, na mkono wangu wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Hospitali walisema ni ugonjwa wa ubongo, wakanipa vidonge. Kila asubuhi nilikunywa dawa, nikala, kisha nikatembea polepole hadi kwenye foleni ya malori hapa Tunduma kusali na madereva. Pale kuna mjane, Mama Neema, anayeuza chapati. Mke wangu alipita akanikuta nacheka naye hadi machozi. Nyumbani alikuwa hajaona jino langu kwa miezi.

"Madereva Wazambia unawajibu salamu zao kwa meno yote," aliniambia. "Yule wa chapati unamchekea. Mimi unaniletea uso wa ukuta. Nimekukosea nini, Baba Ipyana?"

Nilitaka kumjibu, lakini sauti ilitoka ndogo na uso haukusogea. Kadiri nilivyokaa vile, ndivyo alivyozidi kuamini kwamba moyo wangu umehamia kwa Mama Neema. Wivu wake haukuwa na kelele. Akipepeta mahindi ananitazama. Akisali, anasali amenipa mgongo. Nikasikia pia kwamba anakwenda kwa Mama Neema kila siku, anasimama pembeni, anamwangalia tu.

Na alikuwa na haki ya kuumia. Ujanani tulichuma kahawa pamoja kwenye shamba la baba yake, kule Mbozi. Aliwakataa vijana wenye mashamba makubwa akanichukua mimi, nisiyekuwa na kitu, kwa sababu tulicheka pamoja. Kicheko kile kilikuwa mali yake. Sasa anaona kinagawiwa barabarani.

Nilimwomba jambo moja: aje nami kliniki kabla hajavuka mpaka. Alikuja na furushi lake la nguo, akalipakata. Hakusubiri kuulizwa.

"Daktari, hii dawa yenu inafanya kazi kwa wanawake wa barabarani tu? Huko anacheka, nyumbani uso ni ukuta."

Daktari, binti mdogo, aliuma mdomo asicheke. "Anakunywa na nini, mama?"

"Na maziwa. Na maharage, bakuli zima. Mgonjwa si lazima ashibe?"

Yule binti alitueleza taratibu, Mungu ambariki. Alisema seli za neva ndani ya ubongo hazigusani. Kati ya moja na nyingine pana upenyo mdogo mno. Seli ikitaka kusema na jirani yake, inamwaga kemikali upenyoni, na jirani ana vipokezi vya kuipokea. Akishapokea, ama anaamka ama anatulia, kutegemea ni kemikali gani na kipokezi gani. Mojawapo ya kemikali hizo inaitwa dopamini, na seli zangu za kuitengeneza zinakufa. Kando ya seli za neva zimejaa seli nyingine, za glia. Hizo huzilisha seli za neva na kufagia kemikali inayobaki, na zamani wataalamu walizidhani vibarua tu. Kumbe nazo zina vipokezi. Zinasikia yanayosemwa, na zinajibu.

"Mzee anataka kucheka," alisema, "ila amri haifiki vizuri kwenye misuli ya uso. Kidonge kikifika ubongoni kinageuka dopamini. Sasa maziwa na maharage vinagombania njia na dawa, inachelewa. Inaanza kazi ameshafika kwenye malori. Akirudi kwako, imekwisha nguvu."

Mama Ipyana aliliweka furushi sakafuni. Kisha akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nampikia yule mama kicheko?"

"Ni kama hivyo, mama."

Kesho yake alinipa kidonge kwa maji matupu, mapema kabla ya chakula, kama tulivyoelekezwa. Tukasali. Akakaa mbele yangu, akiutazama uso wangu kama mtu anayelinda maziwa yasifurike.

"Bado?"

"Bado."

Ndipo akaniambia kwamba zile siku zote alinunua chapati za Mama Neema ili apate sababu ya kusimama pale, na zote akawapa kuku. Mashavu yangu yakalegea. Nilicheka, mwanangu, naye akacheka huku analia.

"Leo huendi kwenye malori," alisema, "mpaka nitosheke mimi kwanza."

Basi nisikilize. Mwili wako ukianza kukuasi, mwambie mwenzako kwa maneno, siku hiyo hiyo. Mimi nilimwachia mke wangu asome uso nisioutawala. Wivu ukikushika, uliza kabla hujafunga furushi, tena uliza mbele ya mtu anayejua. Na wale wanaokaa kando yako wakikulisha na kufagia, usidhani hawasikii.

Bwana aliyeufuma mwili wako, hata pale pasipoonekana, akupe mtu wa kucheka naye, na akupe subira siku ambayo mmoja wenu hataweza. Amina.