Kikombe Kisichoonjwa

Kijijini Lubondja, bondeni chini ya milima, mtu hanywi kitu cha mwenzake kabla mwenyewe hajakionja. Sumu inatajwa katika kila msiba. Hata mzee wa miaka tisini akifa kwa kikohozi chake, hakosi mtu wa kuuliza juzi alikunywa kwa nani. Kwa hiyo mwenye nyumba humimina, akanywa funda moja mbele ya macho ya mgeni, ndipo akampa kikombe. Anastasie aliifanya kazi hiyo kwa miaka zaidi ya ishirini, na watani wake walisema yeye ndiye mwanamke pekee katika Fizi nzima anayelewa kwa adabu.

Alikuwa mtengenezaji wa kasiksi, yaani divai ya ndizi. Shamba la migomba lilikuwa la mumewe, Eugène, na kazi ilikuwa ya nyumba nzima. Eugène alikata mikungu na kuifukia shimoni kwa siku nne, majani makavu juu na moshi mdogomdogo ukipenya mdomoni mwa shimo. Binti yao Solange alimenya. Anastasie alikanda ndizi kwa nyasi ndani ya gogo lililochongwa kama mtumbwi, akachuja maji yake matamu, akatia unga wa mtama uliokaangwa, akafunika. Kesho yake utasikia inachemka yenyewe bila moto. Ya siku mbili ilikuwa ya watu wote. Ya siku nne aliwawekea wazee, na ilibidi mtu aijue njia ya kwake kabla ya kuketi.

Hakuna aliyemsifu Anastasie kama wateja wake, na hakuna aliyemsumbua kama mumewe. Eugène hakujua kudanganya. Mkewe akizidisha maji hata kata moja, alikunywa, kisha akauliza kwa upole: "Mama, hii mayi ulichota ku mutoni gani?" Anastasie alikasirika siku nzima. Ila wiki iliyofuata maji yalipungua.

Kila Alhamisi alishuka Sebasaza kutoka milimani, mfugaji mwenye miguu mirefu na kofia isiyovuliwa. Kule juu alikuwa mzee wa kanisa, na kanisa lake halikutaka kabisa kusikia habari za pombe. Ndiyo maana aliita kasiksi "dawa ya kifua," na kifua chake kiliuma kila Alhamisi bila kukosa. Alileta maziwa, akaondoka na kibuyu. Yeye alionja maziwa yake, Anastasie akaonja kasiksi yake, wakabadilishana vikombe, kisha Eugène na Sebasaza wakakaa wakibishana juu ya ng'ombe na migomba, kipi kinamlaza mtu njaa upesi.

Vita vikaja. Watu wenye bunduki walikuwa wengi, kila kundi na jina lake na njaa yake. Sebasaza hakushuka tena, maana mtu wa milimani akionekana bondeni aliuawa, na mtu wa bondeni akionekana milimani vivyo hivyo. Mwaka wa 1999 Eugène alifunga madumu mawili kwenye baiskeli, akaenda soko la Fizi. Walimkuta siku ya tatu kando ya njia. Madumu yalikuwa yametobolewa kwa risasi, na nyuki walikuwa wamejaa pale.

Nani alimwua? Hakuna aliyeona. Lakini Henri, mdogo wake Eugène, alikuwa na jibu tayari hata kabla ya kaburi kufunikwa.

"Ni batu ba kule juu," alisema. "Shemeji, ni bale bale ulikuwa unapatia pombe."

Na Anastasie, akiwa ameketi chini matangani, kichwa kimenyolewa, aliapa mbele ya watu wote kwamba kinywa cha mtu wa kule juu hakitagusa tena chombo chake. Alikuwa na uchungu, na uchungu unatafuta mahali pa kukaa.

Walikimbilia porini, wakakimbilia mjini Baraka, wakarudi. Migomba ilikuwa hai, lakini kila mkungu ulikatwa mbichi na wenye bunduki kabla haujakomaa. Anastasie akaanza tena kwa kidogo alichopata, akaongeza maji. Mwanzo kata mbili, baadaye ndoo. Alionja, akampa mteja, mteja akasema, "Mama, hakuna kama wewe." Wote walisema hivyo. Nani angelaumu pombe wakati wa vita? Anastasie aliwachukia kidogo kwa sifa zile, bila kujua sababu.

Mwaka wa 2002 mambo ya milimani yaligeuka. Wafugaji nao walikuwa wamechomewa vijiji na watu waliojiita walinzi wao, na njia ya kushuka ikafunguka kidogo. Watu wachache walionekana sokoni na ng'ombe mmoja mmoja. Kisha, Alhamisi moja mchana, Sebasaza akasimama uani kwa Anastasie, amekonda, kofia ileile kichwani, chombo cha maziwa mkononi.

Henri alikuwepo, na wateja wanne. Wote wakashusha vikombe.

"Mama Solange," alisema Sebasaza, "nilisikia habari ya Papa Solange. Nilikosa njia ya kukuya hapa kulia na ninyi."

Henri akamsogelea Anastasie, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Muambie atoke. Ao umupatie, lakini usionje."

Hilo la pili ndilo lililomwingia. Kumpa mtu kikombe bila kuonja ni kumwambia: ukifa, ni sawa tu. Lakini Anastasie aliliona kwa namna nyingine. Miaka mitatu alikuwa akilala na kuamka na swali moja, nani alimwua mumewe, na sasa hapa palikuwa na kipimo. Mtu mwenye damu ya Eugène mikononi hawezi kunywa kikombe kisichoonjwa kutoka kwa mjane wa Eugène. Ataogopa. Akiogopa, alijiambia, nitajua, na nikijua nitapumua.

Akamimina. Akampa kikombe kikiwa kimejaa hadi mdomoni, na macho yake hayakuondoka usoni mwa yule mzee.

Sebasaza akaweka maziwa chini, akakipokea kikombe kwa mikono miwili. Akasubiri, kama ilivyo desturi, kisha akaelewa.

"Haukuonja," alisema.

"Sikuonja."

Solange, aliyekuwa mlangoni na kisu cha kumenyea, alisema polepole, "Mama." Anastasie hakugeuka.

Sebasaza alivua kofia. Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kuona kichwa chake. Kilikuwa cheupe chote. Akaibana kofia kwapani, akafumba macho kidogo, midomo ikicheza. Kisha akanywa. Hakunywa funda, alikunywa kikombe kizima, akakigeuza chini waone kwamba hakuna tone.

"Nani aliua Eugène, mi sijue," alisema. "Na nani aliua Irakiza, mutoto yangu, vile vile sijue. Njia ile ile, mwaka ile ile. Kama ungenipatia sumu, ningekunywa tu. Nilikuwa nachoka kutembea na ile swali mi peke yangu."

Akamimina maziwa katika kikombe kilekile, akamnyooshea. Na yeye pia hakuonja.

Henri akasema, "Shemeji, hapana!" Anastasie alisikia aibu ikimpanda toka miguuni. Kipimo chake kilikuwa kimemrudia mwenyewe. Alikichukua kikombe, akanywa mpaka mwisho, maziwa yakimteremka kidevuni.

"Imechacha," alisema.

"Ni siku mbili ya njia."

Sebasaza akapangusa mdomo kwa kiganja, akasita, kama mtu anayejua hana haki ya kusema jambo lakini hawezi kulimeza.

"Mama Solange, usikasirike. Hii kasiksi yako... iko na mayi mingi."

Wateja waliinamisha vichwa. Walikuwa wakiinywa kwa miaka miwili na kuisifia. Henri alitaka kumtetea shemeji yake, naye akainamisha kichwa, maana alijua.

Anastasie alisimama na kikombe tupu mkononi, akataka kukasirika kama zamani, siku nzima, lakini hasira haikuja. Kilichokuja ni sauti ya mtu akiuliza kwa upole maji yale yalichotwa mto gani. Alikaa chini pale pale vumbini, akalia kwa sauti kubwa, kilio ambacho matangani kiapo kilikuwa kimemzibia. Sebasaza aliketi karibu naye, kichwa wazi.

Jioni Anastasie alimtuma Solange shambani akakate mkungu uliokomaa, ule waliokuwa wameuficha kwa majani ili wenye bunduki wasiuone. Wakaufukia shimoni. Anastasie alipima kwa kata maji ya kuongezea kasiksi ya wiki ile, akamwaga nusu.