Nyumba Hii Haiuzwi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, papa yangu alinituma soko la Kadutu nikanunue rangi nyekundu. Barua ya mwisho kutoka ofisi ya kodi ilikuwa imefika: kodi ya parsele yetu, kiwanja na nyumba yake, haijalipwa miaka mingi, na tusipolipa, nyumba itauzwa kwa mnada. Papa aliisoma, akaikunja. Kisha akasema, "Tuandike kwa ukuta."

Desturi yetu ya hapa Bukavu unaijua. Mtu akiogopa ndugu au tapeli atauza nyumba yake kwa siri, anaandika ukutani kwa herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Basi mimi ndiye niliyeandika, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule, na nikajiona mwanaume kweli! Nilidhani mambo yamekwisha.

Tantine, dada mkubwa wa papa, akaja kutoka Kavumu na kuku kwapani. Akasoma ukuta, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akanigeukia, hacheki tena.

"Weye, serikali iko mwizi, ikimbie rangi? Hii umeandikia nani?"

"Papa ndiye alisema, Tantine."

"Papa yako iko na haya, ndiyo maana anajificha. Vaa viatu, twende."

Papa alikuwa mwalimu. Aliogopa wanafunzi wake wa zamani wasije wakamkuta kwenye foleni ya wadaiwa. Nilimhurumia, na hata leo namhurumia. Tantine alimshika mkono, tukashuka wote watatu hadi ofisi ya kodi. Kumbe ofisini walikuwa wanatuhesabia hata nyumba ya nyuma, ile iliyobomolewa na mvua zamani! Papa akaandika malalamiko, wakapunguza. Iliyobaki wakakubali alipe kidogo kidogo. Tukapangisha vyumba vya mbele, sisi watoto tukabanana chumba kimoja, kila usiku vita vya blanketi. Lakini nyumba ikabaki yetu.

Sasa jana nimepita kwako, nikakuta ukuta umeandikwa maneno yaleyale. Roho iliniuma, mwanangu. Sikucheki. Najua nawe barua ya mnada imekufikia, na tangu kazi iishe usingizi huupati.

Lakini usijifiche. Nenda ofisini kabla siku ya mnada haijafika. Uliza hesabu wameitoa wapi, na kama si ya kweli, andika upinge. Omba ulipe kwa mafungu. Ita ndugu zako mkae pamoja, maana nyumba ile marehemu baba yenu hakukuachia wewe peke yako. Pangisha chumba. Yote yakishindikana, afadhali uuze kipande cha parsele mwenyewe, kwa bei yako, kuliko yote kuuzwa kwa mnada. Na yule kijana wa mlangoni mwa ofisi anayesema atakutengenezea mambo, usimpe hata franga moja. Lipa panapotolewa risiti.

Mungu akupe moyo wa kuingia mlango ule, na wajukuu zako wazaliwe wakikukuta katika nyumba hiyo hiyo. Kesho asubuhi nitakuja, tutaenda wawili. Nikifika nikukute umevaa viatu.