Chapati Nilizoahidi Jukwaani

Chekeni tu, hata mke wangu bado anacheka. Mimi ni prinsipo mpya wa shule ya upili huko Tawa, inayosifika kwa kunyakua vikombe vya muziki. Siku yangu ya nne kazini tukaenda mashindano ya kaunti.

Kwaya ya sweta za maruni ilipomaliza kuimba, nilishindwa kukaa. Nikaruka jukwaani, nikatikisa mabega kama kijana.

"Wanangu! Kesho hakuna masomo, ni chapati tu!"

Wakashangilia. Mwalimu wao akaninong'oneza, "Asante sana, mwalimu, lakini sisi tumetoka Mtito Andei."

Nikageuka. Kando ya jukwaa, kwaya yangu, sweta za maruni vilevile, ilikuwa ikingoja zamu yake. Msichana mmoja akainua mkono.

"Mwalimu, na sisi tukiimba tutapewa?"