Fundi Sikio na Amplifaya Inayonyamaza

Saa tatu na robo asubuhi. Amplifaya ya gitaa imelazwa chali juu ya meza, tumbo wazi, na taa zake tano za kioo, zile ambazo mafundi huziita valvu, zimeiva wekundu wa makaa. Redio ndogo iliyochomekwa kwenye tundu la gitaa inasoma habari kupitia spika yake. Mbele ya meza ameketi mwanamume wa miaka hamsini na minane. Mkono wake wa kulia umeshika kijiti cha mwanzi. Wa kushoto umo mfukoni.

Mkono huo wa mfukoni si uvivu. Ndani ya mashine hii mna umeme wa zaidi ya volti mia nne, na anayeishika kwa mikono yote miwili huupa njia ya kupitia moyoni. Koti lake la kazi lina mfuko mmoja tu, wa kushoto. Mkewe ameushona upya mara nne.

Dakika ya thelathini na nane tangu aiwashe, sauti inakatika. Msomaji wa habari anamezwa katikati ya neno.

Fundi haitazami mashine. Anaugeuzia uso ukuta, ilipo saa.

"Nikiisikia saa inagonga sekunde, basi ni mashine iliyonyamaza," anaeleza. "Nisipoisikia, ni mimi."

Leo asubuhi anaisikia. Anashusha pumzi, anaugusa waya wa kwanza kwa kijiti, na kabla hajajua amegusa nini, msomaji wa habari amerudi, yuko kwenye hali ya hewa.

Wateja wamemwita Sikio kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa akisimama mlangoni, amplifaya ikilia ndani, akataja kilichoharibika kabla ya kuvua viatu. Zamani alitengeneza kumi au kumi na moja kwa mwezi; siku hizi, vijana wakipenda mashine zisizo na valvu, akipata tatu anashukuru. Zinazomfikia ni zile zilizowashinda wengine.

Hii imewashinda wawili. Mwenyewe ni mpiga gitaa wa kike ambaye kwa miaka kumi na miwili amepiga nyuma ya waimbaji wa watu. Kesho saa tisa alasiri atasimama mbele kwa mara ya kwanza, na kundi lake mwenyewe.

"Kaka, ikimwona fundi ameshika bisibisi inaimba kama kasuku," alilalamika siku alipoileta. "Nikiifikisha nyumbani, kimya."

"Kama mtoto mbele ya daktari, homa yote inatoweka," akadakia mke wa fundi, ambaye humwita mteja huyo wifi kwa utani, kwa kuwa humwita mumewe kaka. "Mwachie huyu, wifi. Asipoiponya, mje muigombanie nje, mimi nimepiga deki."

Walicheka wote. Fundi alicheka kuchelewa kidogo.

Hawakujua analoficha. Tangu mwaka jana, masikio yake hujaa ghafla, kama mtu aliyezama majini, kisha baada ya sekunde chache hufunguka. Mwezi uliopita kwaya moja ilimletea amplifaya. Ikanyamaza mbele yake, akaibadilishia valvu mbili. Wiki moja baadaye alizipima zile alizozitoa. Zilikuwa nzima kabisa.

"Hapo ndipo nilipojua aliyenyamaza ni nani," anasema, akipunguza sauti. "Nilizifunga kwenye gazeti nikazisukumia nyuma ya kabati, kama mtoto aliyevunja sahani."

Kasoro inayokuja na kuondoka humtesa fundi yeyote, kwani haiwezi kupimwa ikiwa haipo. Hii hutokea mashine ikishapata moto, nayo hupoa kila inapofunguliwa. Basi saa tano anaifunika kwa boksi la katoni lililotobolewa upande mmoja, anaacha redio iimbe, na anasubiri. Jasho linamtoka. Chai aliyoletewa imefanya utando.

Saa sita kasorobo, wimbo unakatika.

Anageukia ukuta. Miwani ya kazi humwonyesha ya karibu tu. Saa anaiona kama sahani yenye ukungu. Anatega sikio. Hakuna kitu. Anahesabu hadi kumi, hadi ishirini. Haijawahi kuchukua muda mrefu hivi.

"Ningeweza kupiga meza nikajua," anakiri. "Sikupiga. Niliogopa jibu."

Hadi thelathini na tano. Ndipo mkewe anapoingia na ndoo.

"Baba watoto, mbona saa imesimama? Betri si nilikwambia tangu juzi?"

Anamsikia. Kila neno, hata mlio wa mpini wa ndoo. Anacheka mpaka machozi yanamtoka, na mkewe anabaki kumkodolea macho. Kisha anakumbuka kuwa amplifaya bado imenyamaza, na kwamba hiyo ndiyo habari njema. Anaondoa boksi taratibu, mkono wa kushoto mfukoni, anagusa kwa kijiti miguu ya valvu, mmoja baada ya mwingine. Kwenye soketi ya valvu ya kwanza, mguu wa saba, wimbo unaruka ghafla na kujaza chumba.

Anazima, anaumaliza umeme uliobaki, anainamia kwa kioo cha kukuzia. Solda, risasi inayoushikilia mguu huo, ina ufa mwembamba kama unywele, umeuzunguka mguu mzima. Ukipata moto, unaachana, ukiguswa, unashikana. Kuuchomea upya kunachukua dakika mbili.

Mkewe hajaondoka. "Ulikuwa unalia nini?"

Anamwambia yote, pamoja na zile valvu za nyuma ya kabati.

"Mwaka mzima nakuita mara mbili mbili," anajibu mkewe. "Nilidhani umenichoka."

Saa kumi mpiga gitaa anafika. Redio imeimba kwa zaidi ya saa tatu mfululizo bila kukatika. Anachomeka gitaa, anapiga, anafumba macho. Katikati ya wimbo fundi anaona vidole vikienda na nyuzi zikitetemeka, na hasikii chochote. Hatazami ukuta. Anamtazama mkewe mlangoni, naye anainua kidole kimoja: ipo, inalia.

Sauti inarudi polepole, kama mtu anayepanda ngazi.

Jumatatu saa mbili ana miadi na daktari wa masikio. Kadi imo katika mfuko wa kushoto. Akitoka huko atapitia kwa kiongozi wa kwaya na kifurushi cha gazeti. Wakimwambia masikio hayatarudi, amepanga kuunganisha taa ndogo kwenye spika ya meza yake, iwake kila sauti inapopita, "nione kwa macho."

Mpiga gitaa anapotoka na mzigo wake, mke anapanda juu ya stuli na kuirudisha saa ukutani, ikiwa na betri mpya.

"Naisikia," anasema fundi, ingawa hakuna aliyemuuliza.