Rangi Chini ya Bolti

Asubuhi, wavuvi wa dagaa wanaporudi kutoka ziwani hadi ufukwe wa Bangwe na usingizi machoni, hupita kwanza kwa Winfrida. Wanamwachia betri za taa zao azichaji, jioni wazifuate. Miaka sita ya kazi hiyo, mtoto akiwa tumboni au mgongoni, imemfanya azijue betri kama mama anavyojua vilio: huyu ana njaa, huyu kachoka, huyu anadeka tu.

Ndiyo maana Mzee Jeremia alielekezwa kwake. Alikuja na Hiace ya zamani aliyoitoa viti vya nyuma, akaweka kitanda, jiko na friji ndogo. Yeye na mkewe, Bi Klementina, walikuwa wametoka Tabora kutembea, mara ya kwanza tangu mzee astaafu ualimu.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," mzee akaitikia. "Fundi wa mjini kasema betri ya ndani imekufa. Ile ya kuwashia gari haina shida. Hii ya friji, tunaendesha kutwa nzima, lakini tukilala, friji nayo inalala."

Friji ile ilikuwa ya insulini ya Bi Klementina. Hapa Bangwe si neno, jirani wa Winfrida alishaipokea kwenye friji yake. Lakini kesho walikuwa waende kusini, kando ya ziwa kusikofika umeme, kwa dada wa Bi Klementina. Hawajaonana miaka kumi na moja. Bila friji, safari inaishia hapa.

"Nimemwambia turudi zetu Tabora," Bi Klementina alisema taratibu. Alikuwa anaangalia ziwa, si mumewe.

Winfrida alikaza kanga ya mtoto, akaingia garini na mita yake ya kupimia.

"Washa gari, mzee."

Betri ya mbele ilisoma volti kumi na nne. Ya ndani, kumi na mbili kasoro. Akaipapasa ubavuni. Haikuvimba, haikuwa na joto.

"Hii haijafa. Ina njaa. Chakula kinapikwa mbele, huku hakifiki."

Akafuata waya mwekundu: fyuzi nzima. Gari likazimwa, akafuata ule mweusi mpaka chini ya kitanda, ulipofungwa kwenye bodi ya gari kwa bolti. Akaifungua. Chini yake palikuwa na rangi ya bluu, mpya, nene, inang'aa.

"Nani alipaka huku? Waya huu unataka chuma kitupu. Rangi haipitishi umeme."

Mzee Jeremia akakohoa.

"Mimi," akasema, kama mwanafunzi aliyechelewa namba za asubuhi. "Nilifungua kila kitu nipake vizuri, mpaka kusikoonekana. Kumbe safari nimeiua mwenyewe."

"Muongo huyu," Bi Klementina akadakia. "Mimi ndiye niliyesema siendi kwa dada na gari lenye kutu kama bati la banda la kuku. Akapaka wiki mbili, na mgongo wake ule."

"Wewe ulisema nje. Ndani nilijitia mwenyewe."

"Basi tugawane kosa, mwalimu."

Winfrida akacheka, na mtoto mgongoni akacheka bila kujua la nini. Akachukua msasa.

"Usikwangue sana, mwanangu."

"Kama sarafu tu, mzee."

Akasugua mpaka chuma kikawa cheupe, akakaza bolti, akapaka grisi juu kuzuia kutu. Gari likawashwa. Betri ya ndani ikasoma kumi na nne kasoro kidogo.

Mzee alitaka kushangilia, Winfrida akamkatiza. "Bado. Endesheni mpaka Ujiji na kurudi, kisha tuzime gari, friji tuiache. Nikiwadanganya hapa, mtakuja kuharibikiwa na dawa huko."

Walirudi saa tano. Saa kumi friji ilikuwa bado inanguruma. Winfrida akatoa humo chupa ya maji, akaigusisha shavuni mwa mtoto. Mtoto akaruka, akakunja uso.

"Kaleteni dawa," akasema.

Mzee Jeremia alikwenda mwenyewe kwa jirani. Alirudi na kile kikasha amekishika kwa mikono miwili, anatembea polepole. Bi Klementina alikuwa ameshapiga simu.

"Dada? Kesho usiende shambani," alisema, na machozi yanamtoka. "Ndiyo, kesho hiihii. Tunakuja."