Nilimdanganya shemeji yangu kuhusu udongo, vyombo vyetu vikapasuka mbele ya wageni

Wakuu, siku ile trekta iligeuza mbele ya karakana yangu, dereva akaniuliza, "Mwalimu, nimwage wapi?" Ilifaa nimwambie arudi na udongo wake. Badala yake nilimwonyesha mahali pa kumwaga.

Hamjambo nyote. Mimi ni mzee wa huku Kakamega, nasomanga visa vyenu humu lakini sijawahi kuandika changu. Nitaeleza yote, pamoja na yale yanayoniaibisha, maana bila hayo hakuna kisa.

Ilikuwa miaka ile ya miwa. Watu waling'oa mahindi, wakang'oa ndizi, wengine wakapanda hadi ukitoka mlangoni majani ya miwa yanakugusa uso. Mabati mapya yaling'aa kila upande kutoka Mumias hadi Navakholo. Mwenye miwa alikuwa mtu. Mfinyanzi alikuwa wa kuchekwa.

Sisi wa kuchekwa tulikuwa wawili.

Mimi nilisoma hadi Form Four, kisha padri mmoja akanifundisha gurudumu la kufinyangia na glaze, ule uji mweupe ambao unachovya chombo ndani yake, na kikichomwa kinang'aa kama kioo. Ndiyo maana waliniita Mwalimu, ingawa sikuwahi kufundisha darasa lolote.

Mwenzangu alikuwa Truphosa, dada mkubwa wa mke wangu Loice. Tuliitana mulamwa, ndiyo shemeji kwa Kiluhya. Yeye alifundishwa na nyanya yake, kwa mikono tu. Kusema kweli alinishinda mbali.

Padri alipohamishwa aliniachia kopo la unga wa cobalt, ule unaotoa buluu. Ukiupaka ni mweusi kama masizi. Buluu inatokea ndani ya tanuri, kwa hiyo mchoraji anachora rangi asiyoiona. Mimi nilijaribu nikapata madoa. Truphosa alichora kanga wawili kwenye sahani, mara ya kwanza tu, na tulipofungua tanuri tulikaa chini tukaitazama ile sahani muda mrefu.

Hapo ndipo tukasema tufanye maonyesho. Vyombo vyeupe vyenye michoro ya buluu, kazi ya watu wawili. Mimi nafinyanga na kuchovya, yeye anachora na kusimamia moto. Kanisa moja mjini likatupa ukumbi kwa Jumamosi moja.

Kwangu yalikuwa maonyesho. Kwa Truphosa yalikuwa zaidi. Mumewe, Mzee Andrea, alikuwa amebakiza kipande kimoja tu bila miwa, pale penye kibanda cha mkewe cha kufinyangia. Siku moja tukila obusuma, ugali wetu, kwake, akasema bila kuinua macho:

"Peleka hivyo vyungu vyako mjini. Watu wakivitaka, kibanda kitabaki. Wakivikataa, nalima."

Truphosa akamjibu, "Utalima, lakini hutakula tena kwa sahani yangu."

Tulicheka, hata Andrea. Lakini hakuwa anatania, na sote tulijua. Miwa yote ilikuwa ya Andrea. Kibanda kile ndicho kitu pekee kilichokuwa cha Truphosa katika boma lile.

Sasa nije kwa udongo.

Truphosa alichimba mahali pamoja tu, kwenye ukingo wa mto chini ya boma lao. Anaukausha, anautwanga, anauchekecha, kisha anaukanyaga kwa miguu akitoa kila kijiwe. Na kabla ya yote anauonja. Vijana msicheke. Mfinyanzi wa kweli anaonja udongo kama mpishi anavyoonja mchuzi.

Wiki tano kabla ya maonyesho binti yake alijifungua Navakholo, akaenda kumhudumia. Aliniambia, "Mulamwa, ningojee. Udongo nitauchimba mwenyewe nikirudi."

Nilisema sawa.

Zikapita siku nne. Mvua ikawa kila alasiri, nikaanza kuogopa kwamba vyombo havitakauka kwa wakati. Makokha, dereva wa trekta za miwa, akaniambia wamechimba mtaro kando ya shamba na kutoa udongo mzuri, ataniletea bure. Huo ndio udongo niliouanzia hapo juu.

Nilipanda kwenye trela kuutazama. Kwenye kona kulikuwa na mabonge meupe.

"Hii ni nini?"

"Chokaa ya shamba, tumebeba asubuhi. Haina neno, Mwalimu. Si yote inaingia motoni?"

Padri alikuwa amenionya kuhusu chokaa ndani ya udongo. Nilikumbuka onyo lake nikiwa nimesimama palepale juu ya trela. Nikajiambia nitachekecha.

Nilichekecha nusu, kwa chekeche ya mahindi, yenye matundu makubwa. Nusu ya pili niliikanyaga hivyohivyo.

Truphosa aliporudi alikuta nimeshafinyanga mitungi ya kwanza. Alichukua kipande cha udongo, akakiweka ulimini.

"Huu ni wa mtoni?"

"Ndio."

"Mbona unauma ulimi?"

"Ni hii mvua, mulamwa. Mto umevuruga kila kitu."

Aliutema, akanitazama. "Wewe unasomanga vitabu, mimi naonjanga tu. Ukisema ni mvua, basi ni mvua."

Wakuu, hapo bado nilikuwa na nafasi. Nilinawa mikono nikaenda kunywa chai.

Alichora wiki tatu. Kanga, maua ya miwa, na ile mistari ya kamba ambayo nyanya yake alikuwa akizungushia shingo za vyungu. Mgongo ulimsumbua, akawa anachora amelalia ubavu kwenye mkeka. Loice akimletea uji anamwambia, "Dada, utazeeka kabla ya Jumamosi." Naye anajibu, "Nizeeke nikiwa na kibanda."

Moto aliusimamia mwenyewe. Tulipofungua tanuri, nyeupe ilikuwa nyeupe kama maziwa na buluu ilikuwa ile unayoiona angani mvua ikishapita. Hakuna hata kimoja kilichopata ufa. Truphosa alikaa kwenye nyasi akalia, akicheka hapohapo.

Mimi nikajiambia nimeponea.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Alikuja mke wa ofisa mmoja wa wilaya, akaja na marafiki zake, wakawa wanashika sahani moja moja. Alimwuliza Truphosa kama anaweza kumtengenezea seti nzima ya chai. Truphosa alitafuta uso wa Andrea kule nyuma. Andrea alikuwa amevua kofia.

Nje mvua ilianza.

Tukasikia mlio mdogo. Ta. Watu wakatazama juu, wakidhani ni mabati. Ukasikika tena, halafu mara tatu mfululizo, na safari hii niliona. Mtungi mkubwa wa katikati ulirusha kipande cha ukubwa wa kucha kutoka begani mwake. Kikamgonga yule mke wa ofisa mkononi.

Hakuna aliyeugusa mtungi ule.

Kisha vikaanza vyote. Sahani, vikombe, mabakuli, kila kimoja kikibanduka vipande chenyewe pale mezani, na vipande vya buluu vikidondoka sakafuni. Kikombe kimoja kiligawanyika mara mbili mbele ya macho yetu.

Mama mmoja akasema, "Vyungu vinaongea." Mwingine akamvuta mtoto wake. "Toka hapo. Huyu mwanamke amefanya nini?" Mke wa ofisa akaweka chini sahani aliyokuwa nayo, polepole, akafuta mikono kwa leso.

Niliokota kipande kimoja. Upande wa ndani kilikuwa na nukta nyeupe, na kila tundu kwenye vyombo lilikuwa nayo katikati. Nikaelewa papo hapo. Chokaa ikipita motoni haifi. Inakaa mle ndani ikinyonya unyevu wa hewa siku baada ya siku, inavimba, mwishowe inasukuma chombo kutoka ndani. Mvua ya Kakamega ilimaliza kazi.

Truphosa alinijia, uso umemkauka. Hakuwaangalia wale wanawake.

"Mulamwa, nimekosea wapi?"

Watu wote walikuwa wakitusikiliza. Nilikifumbata kile kipande mkononi.

Nikasema, "Labda moto."

Moto ulikuwa kazi yake.

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea salamu, akaanza kukusanya vipande ndani ya leso yake. Andrea akavaa kofia akatoka.

Wiki iliyofuata kibanda kiling'olewa. Nilipita nikaona mifereji ya miwa imefika hadi ukuta wa nyumba yao. Wanawake wa kanisa waliendelea kunong'ona kwamba ana mkosi wa vyungu, mpaka akaacha kukaa nao benchi moja. Hakufinyanga tena. Akinikuta njiani alikuwa ananisalimu vizuri kabisa, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Nilipanga kumwambia Krismasi ile. Kisha baada ya mavuno. Kisha alipoumia mguu, nikasema akishapona. Alifariki miaka mingi baadaye, akiamini mikono yake ndiyo iliyoharibu.

Baada ya mazishi nilimweleza Loice. Alikuwa anachambua maharagwe. Aliendelea mpaka akamaliza ungo wote, ndipo akasema, "Kwa hivyo ulimwacha dada yangu azikwe na hilo."

Somo nililopata ni dogo. Mwenzako akikwambia umngojee, mngojee. Na ukishakosa, sema siku hiyohiyo mbele ya watu walewale, kwa sababu baadaye hakuna wa kumwambia. Kama kuna mtu humu anabeba kitu cha namna hii na mwenyewe bado yuko hai, naomba asifunge uzi huu bila kumpigia. Wengine nanyi semeni mnavyoniona, hata kwa ukali, nitasoma yote.

Mimi udongo ule ulinigharimu mfinyanzi bora niliyewahi kufanya naye kazi. Ulinigharimu kazi yenyewe, maana niliuza gurudumu mwaka uleule. Na Loice anaishi kwa binti yetu tangu wiki ya mazishi, mwaka wa sita huu, na hajarudi.