Kibomba cha Ndege ya Mikaeli

Elia alikuwa fundi wa mitambo bandarini Mtwara, mtu mgumu wa maneno, na kwa kitu cha mtu alikuwa mgumu zaidi. Mwaka 1995 rafiki yake Mikaeli, fundi wa uwanja wa ndege, alipata nafasi ya kwenda kusoma Ulaya. Akamwachia ndege yake ya mfano ya kurushwa kwa rimoti, mabawa upana wa kitanda, na madumu ya mafuta yake. Alimwomba amtunzie mpaka arudi. Miaka miwili iliyosemwa ikawa saba.

Injini yake ilikuwa ya mipigo minne, ndogo ya kuenea kiganjani, na adui yake mkubwa ni hewa ya chumvi. Kwa hiyo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi Elia aliifunga ndege kwenye meza ya uani, akaiwasha dakika tatu, akaizima. Kisha aliiinamisha, na mafuta machafu yakatoka kwenye kibomba cha mpira chini ya tumbo la injini, kile inachopumulia. Aliyapokea kwa kitambaa na kuyakagua. Yakiwa na wekundu wa kutu, basi beringi zimeanza kuliwa. Yakiisha, aliingiza mafuta safi kwa bomba la sindano kupitia hapohapo. Kuirusha hakuirusha hata siku moja, kwa sababu haikuwa yake.

Mkewe, Martha, alikuwa na kesi na ndege hiyo. Ilikaa juu ya kabati la sebuleni, na hata Elia aikamue vipi, tone moja lilibaki likivisubiri vitambaa vyake vya kudarizi. Elia alimwambia injini isiyotoa mafuta ni sawa na mgonjwa asiyekojoa. Martha akajibu kwamba basi mgonjwa wake apelekwe chooni.

Mwaka 2002 Mikaeli alipiga simu bandarini: anafika Jumamosi. Martha akatandika vitambaa vipya, vyeupe. Ijumaa jioni Elia akaiwasha injini mara ya mwisho. Ikakohoa, ikalegea, na mafuta yakasukumwa mbele kwenye shina la pangaboi, yakamrukia kifuani. Aliizima, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Beringi zimekwisha, alijiambia. Amana imemfia mkononi, na mwenyewe anafika kesho. Aliona aibu hata kuinua uso.

Martha alisimama mlangoni.

"Baba Neema," alisema, "mimi ndiye niliyeziba."

Ndani ya kibomba, jicho lisikofika, alikuwa amesukuma njiti ya kiberiti iliyozungushiwa uzi wa kudarizia, ili mgeni asikute doa. Pumzi ya injini ilipokosa pa kutokea, ikatafuta njia ya mbele na mafuta yake. Elia aliichomoa njiti kwa koleo. Hasira ilikuwapo, lakini nafuu aliyoipata iliizidi. Alipoiwasha tena, injini ilinguruma vizuri.

Kesho yake Mikaeli aliirusha kwenye uwanja wa mpira. Watu walitazama juu. Elia aliinamisha kichwa akisikiliza injini, na machozi yakamtoka, hakuyaficha. Ndege iliposhuka, Mikaeli alimshika mkono kwa muda mrefu, kisha akafungua sanduku ili aipakie.

"Bado," alisema Elia. "Ikamuliwe kwanza."

Alijipapasa mifukoni. Kitambaa chake alikuwa amekisahau nyumbani. Martha alifungua mkoba, akatoa kimoja cha vile vyeupe, akakitandika kwenye nyasi chini ya kibomba.